Wiki ya Kucha Wazi

Fundi wa kucha alikuwa na sheria moja, na ole wako uivunje. Kila baada ya miezi miwili rangi inatoka, kucha zinakaa wazi wiki nzima, zinapakwa mafuta asubuhi na jioni. Ukimletea habari za harusi anakujibu hata kukutazama hakutazami: "Kucha imefunikwa mwaka mzima, utajuaje kama ni nzima?" Wateja walinuna, wakatii. Na kweli, kucha zao zilikuwa ngumu, hazivunjiki ovyo.

Ukucha mmoja tu pale saluni haukuguswa na sheria hiyo: wa kidole gumba chake cha kushoto. Huo ulikuwa mwekundu wakati wote.

Na hapo ndipo ninapomkasirikia, maana alijua fika. Miaka miwili nyuma mteja wake, mwalimu, alikuja na mstari mweusi kwenye ukucha, umenyooka kama wa kalamu. Ni yeye huyu huyu aliyemtimua: "Mimi sikupaki kitu. Nenda hospitali leo leo. Huo mstari ukivuka ukaingia kwenye ngozi, mambo yameharibika." Ilikuwa saratani. Mwalimu alirudi na vidole tisa, mzima, akimwita mkombozi wake.

Mstari ulipomtokea yeye, akajisemea kabanwa na mlango. Akapaka rangi. Kila alipofumba macho alikiona kile kidole cha mwalimu kilichokatwa, na mikono yake mwenyewe ndiyo iliyoilisha nyumba. Aliogopa, basi. Miezi minane akapaka rangi juu ya rangi bila kufuta, mpaka pembeni kwenye ngozi, kosa ambalo angekuona nalo angekusema mpaka ulie.

Jumamosi mchana, saluni ikiwa tupu, akaja wifi yake, dada wa mumewe, kufutwa rangi. Alipomaliza kufutwa, akacheka.

"Na wewe leo zamu yako. Unatutesa na sheria zako, mwenyewe unakula kona! Lete mkono huo."

"Wifi, niache bwana."

"Sikuachi ng'o."

Akamkamata kiganja, akachovya pamba kwenye asetoni. Fundi angeweza kuuvuta mkono. Hakuuvuta. Alikuwa amechoka kuogopa peke yake.

Nyekundu ikatoka kwa pamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wifi akainama kutazama.

"Hee! Kumbe chini kuna rangi nyeusi? Na fundi mzima unapaka mpaka kwenye ngozi!"

Akachukua pamba mpya, akasugua ukucha. Kisha akasugua ngozi, pale ukucha unapoanzia, kwa nguvu.

"Mbona hii haitoki?"

Fundi aliitazama ile pamba. Ilikuwa bado nyeupe.

"Sugua tena, wifi," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Tafadhali, sugua tena."