Pedali za Mwalimu

Nimeketi kwenye kochi kumngoja Mama Shigela, na usingizi unanichukua mchana kweupe, soksi zikiwa bado miguuni. Ameandika kwamba atafika leo saa tisa, ana swali moja tu kuhusu marehemu mwanawe. Swali moja. Siwaamini watu wenye swali moja. Nafumba macho, zulia linakuwa lami, lami inakuwa njia ya kurukia ndege, ndefu, haina mwisho, nami natembea juu yake nikijua kabisa kwamba nimetegewa. Pembeni kuna mji. Nauona mji huu mara ya pili, mara ya kwanza niliuona kutoka juu, siku niliyoudondoshea mabomu. Sasa kila nyumba imesimama mkabala na pacha wake, dirisha kwa dirisha, na katika kila dirisha nipo mimi, najichungulia. Nani kawaambia ninapita? Namuuliza mtu aliyesimama kando ya njia. Amevaa kofia ya rubani, na ndani ya kofia hamna uso. Ananijibu, Ukikishika daima unakiua, ukikiachia kinaishi, ni nini? Namwambia mimi ni Meja, nimerusha ndege ya mabomu vita nzima, nimefundisha na vijana, sina muda wa vitendawili. Anasema, Basi panda, Mwalimu. Sauti ile ilikuwa ya mtu mmoja tu, Luteni Shigela, mwanafunzi wangu, na yeye tulishamzika.

Napanda. Ananiweka kiti cha kushoto, cha mwanafunzi, yeye anakaa kulia, mahali pangu. Nasema hiki si kiti changu, yeye anawasha injini. Tunaruka, tunaupita mji, tunageuka, tunaupita tena, njia ni ileile na upepo unatupiga ubavuni. Nashusha ndege. Inakaa sawa kabla sijafanya lolote, na chini ya kiatu changu pedali ya kunyoosha pua ya ndege inazama yenyewe. Namtazama kwa jicho la pembeni. Anajifanya anaangalia nje, lakini ncha ya kiatu chake iko kazini. Pedali za mwalimu na za mwanafunzi zimeunganishwa, akikanyaga mmoja zinakwenda zote. Hila hii naijua kwa sababu ni yangu. Shigela aliuogopa upepo wa ubavuni, na kikosi kilitaka marubani upesi, basi kila akitua nilimkanyagia kidogo, asijue, kisha nikampongeza, nikatia saini kwamba ameiva. Nilimpenda kijana yule, nilitaka afurahi. Siku aliporudi kutoka vitani upepo ukivuma, kiti cha mwalimu kilikuwa kitupu. Ndege ilitoka njiani ikaungua. Ripoti ikasema ni upepo, nami nikanyamaza. Jibu la kitendawili ninalo tangu pale chini, ni mwanafunzi, nilipomkaripia nilikuwa najikausha tu. Umetua vizuri sana, kijana, anasema asiye na uso, mimi hata sikugusa. Maneno yangu hayo, neno kwa neno. Mwongo, nampigia kelele, toa miguu yako! Nikitoa, anauliza, utajua kutua? Anatoa, njia inainama, nateleza.

Baba Twilumba, mbona unaisukuma meza? Ni mke wangu, Tabitha, ananitikisa bega. Mgeni kafika. Mama Shigela ameketi mbele yangu, mkoba wazi mapajani. Nautazama uso wake kwanza, nihakikishe upo. Shikamoo mama, nasema. Marahaba Mwalimu, anasema, sikai sana. Mwanangu aliniandikia kwamba anatua vizuri, kwamba wewe mwenyewe ulimsifu. Nataka kujua, alikuwa anaweza, au hakuwa anaweza? Tabitha anaacha kumimina chai. Nina jibu la kumridhisha, nimelifanyia mazoezi wiki nzima, upepo mama, kazi ya Mungu. Hakuwa anaweza, nasema. Na hakujua kwamba hawezi, kwa sababu nilikuwa namkanyagia mimi, nikamdanganya kwamba anatua mwenyewe. Nimemuua mimi, mama. Nahisi nafuu, halafu aibu kwa kuhisi nafuu. Yeye anafunga mkoba wake. Nami nataka kuamini kwamba angalau hili nimelisema mwenyewe, ila chini ya soksi yangu ya kushoto zulia linazama kama pedali, taratibu, na mguu wangu mimi nimeutuliza.