Sufuria Chini ya Mfarishi

Harusi ilikuwa kesho yake. Jikoni kwa Yavdokha, mama wa bibi harusi, kijijini karibu na Myrhorod, majani ya kabichi yalikuwa yameshachemshwa, yanangoja kujazwa na kuviringishwa tu. Ndipo akaingia Yolana, mama wa bwana harusi, na mfuko wa mchele begani, katoka nao kwao milimani Karpati kwa treni.

"Mchele wa nini, mkwe?" Yavdokha akauliza.

"Wa kabichi. Kwani nyie mnajazia nini?"

"Hrechka."

Yolana akacheka hadi akashika kiuno. "Zile punje za kahawia? Kwetu tunawamwagia kuku!"

"Kuku wenu wana bahati. Huku mchele tunampa anayeharisha."

Orysia, bibi harusi mwenyewe, akaingia kati. "Jamani, naolewa mimi, mnagombana nyie?" Akampeleka mama mkwe wake chumba cha nyuma akajinyooshe, maana safari ilikuwa imemkaza mgongo.

Yavdokha alikata vitunguu kwa hasira, akavikaanga na vipande vya mafuta ya nguruwe mpaka vikawa rangi ya dhahabu. Mtu hata viatu hajavua, keshaanza kunitawala jikoni kwangu! Kisha akataka hrechka yake. Aliichemsha asubuhi, akaizungushia sufuria magazeti na koti la manyoya ya kondoo, akaifukia chini ya mfarishi ijiivie polepole. Kitandani. Chumba cha nyuma.

"Mungu wangu!"

Alimkuta Yolana kalala ubavu, kaegemeza mgongo kwenye furushi, anakoroma.

"Mkwe! Amka!"

Yolana akafumbua macho, na macho yenyewe yakalengwa na machozi. "Mkwe, nisamehe. Mimi nimekuja kukukejeli nyumbani kwako, kumbe wewe umeshaniwekea cha kukanda mgongo. Hata mama yangu mzazi hakuwahi kunidekeza hivi."

Yavdokha alikuwa amekuja na maneno makali mdomoni, akayaacha. Akafikiria kunyamaza apokee shukrani, lakini kicheko kikamponyoka.

"Mkwe wangu, hicho ulichoegemea ndiyo hrechka."

Yolana akakodoa macho. Akafungua koti, akabandua magazeti, akainua kifuniko. Mvuke ukapanda na harufu kama ya karanga za kukaanga. Yavdokha akakimbilia kikaango na vijiko viwili, akamwagia vile vitunguu juu.

"Onja kwanza, ndipo uwape kuku."

Yolana akaonja. Akaonja tena.

Orysia alipokuja kuulizia, aliwakuta mama zake wawili wamekaa kitandani, midomo inang'aa mafuta, nusu ya sufuria imekwisha.

"Sasa kabichi tunajazia nini?"

"Nyingine hrechka, nyingine mchele," Yavdokha akasema. "Usituharakishe, tunaongea."

Kesho yake sahani zilirudi jikoni tupu zote. Wakwe wawili walicheza mpaka mpiga kodiani akaomba apumzike, na Yolana akamwambia, "Kijana kama wewe unachoka? Mbona mgongo wangu hrechka imeuponya!"