Wimbo wa Nne

Jina la Kigoda alibandikwa na wapiga picha wenzake, wote wanaume na yeye mwanamke peke yake, kwa sababu alikuwa mfupi na hakwenda kwenye onyesho lolote la muziki bila kigoda chake cha mbao kwapani. Wao walipigana vikumbo mbele ya jukwaa; yeye alitua kigoda, akapanda, akapiga picha zake. Walicheka sana. Halafu picha zake zikaanza kutokea kwenye majalada ya albamu, na vicheko vikaisha.

Kazi ile ina sheria yake: nyimbo tatu za kwanza, bila flashi, kisha nje. Wanamuziki hawapendi kupigwa picha wakishalowa jasho. Basi wimbo wa tatu ukiisha, baunsa anakuja, anaweka kiganja mbele ya lenzi, anakuonyesha mlango wa pembeni. Miaka ishirini na miwili Kigoda alitolewa hivyo hivyo. Nyimbo tamu, zile ambazo mwimbaji anaziweka akiba mpaka ukumbi upate moto, alizisikia akiwa nje, sikio ukutani. Ilimuuma, tena sana. Ndipo siku moja akasema sasa basi, natengeneza filamu, na ya kwanza ni ya Babu Shaba.

Babu Shaba alikuwa mwimbaji mzee ambaye koo lake lilikuwa likiliwa na ugonjwa. Upasuaji ulipangwa Alhamisi, na daktari hakumficha: baada ya hapo, kuimba asahau. Jumanne mchana angekaa na gita lake kwenye ukumbi mtupu, aimbe nyimbo nne mbele ya kamera. Wimbo wa nne alimtungia marehemu mkewe. Aliufungia maonyesho yake miaka yote, lakini hakuwahi kuurekodi popote. Filamu nzima ilikuwa inauelekea wimbo huo.

Mtayarishaji, mwenye kamera, taa na neno la mwisho, alikubali shingo upande. "Mpiga picha anataka kuongoza filamu," alisema. "Haya. Mtoto akililia wembe, mpe."

Jumanne ikafika. Nyimbo tatu zilikwenda kama maji. Wa tatu ulipoisha, Babu Shaba aliinama kunywa maji. Na hapo Kigoda, mwongozaji mzima, bosi wa ukumbi ule siku ile, akasema, "Kata. Asanteni." Akashuka, akabeba kigoda kwapani, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Hakufukuzwa na mtu. Miguu ilijipeleka yenyewe. Mazoea yana tabu, ndugu yangu, na ya miaka ishirini na miwili hayamuulizi mtu ruhusa. Alikuwa ameshasimama nje, sikio ukutani kama desturi yake, aliposikia gita linaanza tena, na moyo ukamlipuka. Aligeuka. Mlango ule ulikuwa wa dharura. Ukishajifunga, haufunguki ila kwa ndani.

Angegonga, angemkatiza mzee katikati ya wimbo asioweza kuurudia. Alinyanyua ngumi, akaishusha. Hakugonga. Mlango wa mbele ulikuwa upande wa pili wa jengo; kabla hajaufikia wimbo ungekuwa umekwisha. Alisimama pale akausikia wote, mstari kwa mstari, machozi yakimtoka kwa hasira ya kujikasirikia mwenyewe.

Alipozunguka na kuingia kwa mlango wa mbele, taa kubwa zilikuwa zimezimwa na kamera imezimwa, maana kamera haiwashwi mpaka mwongozaji aseme, na mwongozaji alikuwa nje anasikiliza ukuta. Babu Shaba, ambaye siku zote huimba amefumba macho, hakujua lolote.

"Umeona, mwanangu?" aliuliza, sauti imebaki makapi.

"Nimesikia, babu," alijibu Kigoda, akamweleza yote bila kupunguza neno.

Mzee alishika koo lake, akatikisa kichwa. "Nilichokuwa nacho nimekikamua chote."

Kwenye kona, fundi wa sauti alivua visikizio. Alikuwa binamu yake Kigoda, mtoto wa mjomba, na hawakuwahi kupitisha siku bila kutaniana. "Kumbe ulisema kata?" aliuliza. "Mimi sikukusikia. Nilikuwa nasikiliza wimbo." Mashine yake ya kurekodi ilikuwa bado inazunguka. Sauti yote ilikuwemo.

"Leo ndiyo mara ya kwanza uziwi wako umetufaa," Kigoda alimwambia, akakaa chini kwenye kigoda chake.

Mtayarishaji alikuwa na dawa yake. "Tunatafuta mzee mwingine, tunamvika koti la Babu Shaba, tunampiga picha kwa nyuma anatikisa kichwa. Nani atajua?"

"Mimi. Na mwenyewe, yupo hai."

"Basi namleta mwongozaji wa kweli aimalize. Wembe umekukata, binti."

"Umenikata, sikatai," alisema Kigoda. "Lakini hii damu ni yangu. Sitaifuta kwa koti la mtu."

Mtayarishaji alimpa wiki tatu. Wenye majumba ya sinema wangekuja kuitazama filamu. Wasipoipenda jinsi alivyoimaliza, mzee wa bandia angeingia na jina la Kigoda lingetoka.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na boksi ambalo hakuwahi kumwonyesha mtu. Kila alipotolewa ukumbini, alipiga picha moja ya mwisho, kwa ukaidi tu: kiganja cha baunsa kwenye lenzi, au mlango uliofungwa usoni mwake. Milango ya chuma, ya mbao, mmoja una alama ya teke lake mwenyewe. Viganja vyenye pete, kimoja kimefungwa plasta. Alizimwaga picha zote mezani mbele ya binamu yake.

"Utawaonyesha watu kosa lako?" binamu aliuliza.

"Mficha uchi hazai."

"Na wewe umeamua kujifungua hadharani."

Siku ya maonyesho, asubuhi, walikaa watu sita kwenye chumba kidogo cha studio. Babu Shaba alikuwa mbele, kitambaa shingoni, daftari mapajani, kwa kuwa sasa aliongea kwa kalamu tu. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha kwenye spika ikasikika sauti ya Kigoda mwenyewe: "Kata. Asanteni." Hatua zake zikasikika zinaondoka, mlango ukajifunga, picha ikawa giza.

Mtayarishaji alisimama mara moja, akaelekea kwenye swichi iliyo karibu na mlango. "Samahanini sana, wakubwa. Hapa bado, kuna mzee tutampiga picha wiki ijayo. Twendeni ofisini tupate kahawa."

Kigoda alimtangulia. Alitua kigoda mbele ya mlango, akakaa, mgongo umeegemea mbao.

"Rudi ukae, bosi."

"Toka hapo."

"Nimetolewa miaka ishirini na miwili. Leo sitoki, na hatoki mtu mpaka wimbo uishe."

Gita likaanza. Kwenye kioo ulitokea mlango wa chuma, ukakaa, ukaja mwingine, kikaja kiganja. Sauti ya Babu Shaba ilipita juu ya picha hizo, imepasuka na nzima kwa pamoja. Mtayarishaji alikuwa bado amesimama.

"Bwana, kaa," alisema mmoja wa wenye sinema bila kugeuza shingo. "Unatuziba."

Alikaa.

Pale mbele, midomo ya Babu Shaba ilikuwa inafuata wimbo wake bila sauti, macho yamefumbwa. Kigoda alimtazama mpaka mstari wa mwisho, sikio lake safari hii halijagusa ukuta wowote.