Lundo la Kwadundwa

Mdoe Mhina hakuwa mwongo, na anayemwita mwongo hajui kazi ya picha ilivyokuwa miaka ile. Alikuwa mpiga picha wa kujitegemea, anakaa Kilole pale Korogwe, na jarida moja la Dar es Salaam lilikuwa likimwandikia barua kila mwezi. Kapige mitambo ya umeme ya Hale. Kapige akina mama wa kisomo wanavyoshika kalamu. Kapige wafugaji wa Handeni wakiogesha ng'ombe kwenye josho. Naye huyo, na kamera yake shingoni. Leo amepanda ukuta wa bwawa mpaka walinzi wanamfokea, kesho anambembeleza mzee Ledama asimame kando ya fahali wake, na mzee Ledama hataki, anasema apigwe fahali peke yake kwa kuwa ndiye mwenye sura. Kazi ile aliipenda, tusifichane.

Basi mwaka wa sabini na nne, mwezi wa nane, ikaja barua: tunataka kijiji cha ujamaa pamoja na mavuno yake. Mdoe akachagua Kwadundwa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mkata, maana dada yake Hajira, mjane, alikuwa amehamishiwa huko na watoto wake. Alipofika akakuta nyumba zimepangwa mistari, udongo wa kuta bado mbichi, na mavuno hakuna. Yangetoka wapi? Watu walihamishwa mvua zikiwa zimeshaanza, mashamba ya zamani wakayaacha nyuma, mapya hawajayafyeka. Walichokuwa nacho ni mahindi ya mbegu tu, kila nyumba yake machache, yametundikwa juu ya meko yakikolea moshi ili wadudu wasiyaguse.

Mtu mwingine angegeuza njia akaandika kwamba mavuno hakuna. Mdoe aliwaza barua ya mwezi ujao, isije ikaandikwa kwa mpiga picha mwingine. Akamwomba mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mwinjuma, kila nyumba itoe mbegu zake kwa nusu saa tu. Wakatoa, tena kwa vicheko. Chini akatandika nyasi, juu ya nyasi matenga matupu yaliyofudikizwa, na juu ya matenga akayapanga mahindi vizuri, moja moja. Lundo likafika kifuani mwa mtu mzima. Hajira akasimama mbele na ungo wake, binti yake mdogo Mwaija akapandishwa kileleni, na hata waliolijenga wakabaki wanalitazama kwa tamaa. Kisha kila mmoja akachukua yake, kukawa na ugomvi mdogo wa nani kachukua hindi la nani, ukaisha.

Picha ikatoka mwezi wa kumi, ukurasa mzima. Mdoe alitembea nayo Korogwe nzima, kichwa kimevimba.

Mvua za vuli mwaka ule ziligoma. Watu wa Kwadundwa wakapanda mbegu, zikachipua, zikanyauka. Wakapanda zilizobaki, zikafa hata kabla ya kuchipua. Kufika mwezi wa kwanza walikuwa wanachimba mizizi ya porini, ile michungu inayolowekwa siku tatu, na ukikosea kuiloweka unalala hutaamka.

Mdoe hayo hakuyajua. Alikuwa Hale, alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, alikuwa kwenye mpira. Aliyajua siku alipotumwa Mkata kupiga picha za ugawaji wa unga wa yanga, ule unga wa njano uliokuwa ukija kwa malori. Vijiji vikawa vinaitwa kimoja kimoja. Akamwona Mzee Mwinjuma amesimama pembeni na gunia tupu, amekonda hata kanzu inamning'inia. Akamwendea, akampa shikamoo yake, akauliza Kwadundwa itaitwa saa ngapi. Mzee akajibu kwamba haitaitwa. Wamekuja mara tatu, na mara zote haimo kwenye orodha, wala hajui kwa nini.

Mdoe akamfuata karani. Karani hakuwa mtu mbaya. Alifungua jalada, akatoa ukurasa uliokatwa kwenye jarida, akamwonyesha. "Hawa wana ziada," akasema. "Tazama mwenyewe."

Mdoe aliutazama ukurasa ule, akamtazama mpwa wake kileleni anacheka, akasema picha hiyo nimeipiga mimi, na lundo hilo si la kweli. Karani akamwambia awaone wakubwa. Wakubwa wakamwambia picha imeshatoka, imeshapelekwa mbele na kusifiwa, leo tuseme nini? Akaandika barua kwa mhariri akieleza yote, nyasi, matenga, kila kitu. Jibu lililokuja halikugusia habari hiyo hata kwa neno moja. Lilimwomba picha za kwaya.

Akaenda Kwadundwa. Hajira alimpokea kwa furaha, akamkaribisha kigoda, akamletea maji. Mwaija alikuwa amelala kwenye mkeka mchana kweupe, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu kama za mwanasesere. Mdoe alipombonyeza mguu, kidole kiliacha shimo, na shimo halikurudi. Alitoka nje akalia nyuma ya nyumba, mtu mzima na ndevu zake. Kisha akarudi akamweleza dada yake kila kitu. Hajira akasema hakuna aliyejua, yamepita, asijitese.

Aliporudi mjini alikuwa amedhamiria jambo moja tu, kumleta mwenye orodha aone kwa macho yake. Mwenye orodha alikuwa kijana aitwaye Simeo, ofisa wa ugawaji, safi, mwenye haraka. Mdoe alikwenda ofisini kwake siku sita mfululizo. Wakamzoea hata wakawa wanamtuma maji ya kunywa. Siku ya saba Simeo akasema haya, Jumanne nitapita, lakini nina saa moja tu.

Mdoe alitangulia Jumatatu. Akamwambia Mzee Mwinjuma, akamwambia Hajira, akazunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi: msipange kitu, msifagie, msipike, mwacheni aone hali ilivyo. Wote wakaitikia. Naam, baba. Tumesikia, baba.

Kuitikia si kazi. Jumanne saa sita mchana Landrova ilipoingia, uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Mkeka mpya umetandikwa barazani kwa Hajira. Akina mama wamevaa kanga zao za sikukuu. Na Hajira akatoka jikoni na ugali, ugali mweupe wa mahindi, unatoa moshi, na kuku mzima kwenye bakuli la maua. Mdoe alijua ulikotoka ugali ule. Kila nyumba ilikuwa na kikombe cha unga kilichofichwa kwa ajili ya mtoto au mgonjwa, wakakusanya vikombe vyote, na kuku alikuwa wa mwisho kijijini.

Sasa wewe usiwacheke. Kwetu mgeni akiingia uani mchana, hapewi maji matupu. Afadhali mwenye nyumba alale njaa wiki nzima kuliko mgeni aondoke akiwa na la kusimulia. Wale wanawake walikuwa wanazikwa wazima, na bado hawakuweza kumnyima mgeni.

Simeo akala, akasifu. Mdoe hakuligusa tonge. Akashindwa kuvumilia, akasema pale pale mbele ya watu kwamba chakula hiki ndicho cha mwisho, wamejikamua, bwana usidanganyike. Simeo akamgeukia Hajira, akamwuliza kwa adabu kama ni kweli.

Hajira akatabasamu. "Kaka yangu ana utani, baba. Kula."

Simeo akanawa, akatoa daftari. Mdoe akaona kalamu inafunguliwa. Kama kuna saa aliyowahi kuchanganyikiwa maishani, ni ile. Angemshika mkono? Angepiga magoti? Kazi yake ndiyo iliyomjia kichwani, maana hakuwa na kingine. Akasema, bwana Simeo, usiandike kwanza, ulitaka nikupige picha ya kumpelekea mama yako. Kweli alikuwa amemwomba. Sasa jua hili la utosini ni baya, linatia giza machoni, mtu anatoka kama marehemu. Jua zuri ni la jioni, saa kumi na moja na nusu hivi. Usubiri kidogo, utanishukuru.

Simeo akatazama saa yake. Akatazama suruali yake iliyopigwa pasi. Akasubiri.

Alasiri nzima Mdoe alimtembeza kijiji kizima akijifanya anatafuta mahali pazuri. Hapa, hapana, miti inaleta kivuli. Tusogee kule. Jua likashuka, likawa la dhahabu, uongo hakusema. Akampiga picha tatu mbele ya nyumba ya Hajira. Na saa kumi na mbili ikafika, saa ambayo katika kila kijiji cha Uzigua hupanda moshi wa jikoni na mchi kusikika kila upande. Kwadundwa moshi haukupanda hata mmoja. Mchi haukusikika. Watoto walikuwa wameanza kulia, nyumba hii, nyumba ile, kilio kile cha chini kisicho na nguvu, na akina mama wakiwatuliza kwa maneno matupu. Mwaija alitambaa kutoka ndani, akaanza kulamba bakuli la maua lililoachwa barazani, lililokuwa limeshaoshwa.

Simeo alisimama akatazama mstari mzima wa nyumba, toka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akamwendea Hajira.

"Mama," akasema, "mbona hamuwashi moto?"

Hajira alitazama chini. Alimtazama mtoto wake. Mdoe alimwona anatafuta neno lingine la kumpa mgeni, akalikosa.

"Moto wa nini, baba? Kilichokuwepo mlikila mchana."

Yule kijana aliweka mkono mdomoni. Alikwenda mpaka kwenye Landrova, akaegemea mlango muda mrefu, mgongo umewaelekea. Alipoandika, aliandikia juu ya boneti, akaondoka bila kuaga mtu. Siku ya tatu lori la yanga likaingia Kwadundwa, gunia kwa kila nyumba, na likaendelea kuja mpaka masika. Mwaija akapona.

Mdoe alikuja na lori la pili, amebeba sukari na sabuni. Alimkuta dada yake anasonga uji wa njano. Hajira hakumpa kigoda. Mdoe akadhani ni ile picha ya lundo, akaanza kuomba radhi upya, akalia.

Hajira akaendelea kusonga. "Lile la mahindi nilikusamehe siku ileile uliyoniambia," akasema. "Mtoto kapona, nashukuru. Lakini mimi, Hajira, binti wa mama yako, umenifanya nimsimange mgeni chakula alichokula kwangu."

Akaepua chungu, akaingia nacho ndani, akafunga mlango.