Mtungi Uliobaki Umwe

Mtumbwi wa Biasha ulikuwa wa watu watatu wembamba, na kila kilichoingia humo kilikula nafasi ya mtu. Kwa hiyo alipakia mwenyewe, taratibu, ingawa moshi wa vijiji vilivyochomwa ulionekana ng'ambo ya mto na majirani walikuwa wakipita mbio na kuku mikononi.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Maji Maji, kiangazi, mto umepungua. Mwanawe mkubwa, Sadallah, alikuwa amekwenda na wapiganaji na hakuna aliyeleta habari zake. Biasha alibaki na mwanawe mdogo, Nassibu, na mke wa Sadallah, Mwantumu, mwenye kichanga cha kiume ambacho kitovu chake kilikuwa ndiyo kwanza kimekauka. Askari wa Wadachi walikuwa wanachoma nyumba na maghala, na kijiji chao, Umwe, kilikuwa mbele yao. Lililobaki ni kushuka na mto mpaka kwenye mikoko, karibu na bahari, na kujificha humo mpaka wapite.

Alianza na mpunga, kapu la kula na kifurushi cha mbegu kilichofungwa kwa ukindu. Kikafuata chungu cha kupikia. Alikigonga kwa ukucha, akasikiliza kama kina ufa. Aliweka jamvi la kulalia, akaacha mkeka wa rangi. Akaweka na panga moja, na kambale waliobanikwa mpaka wakawa wakavu kama kuni. Moto aliubeba ndani ya kumbi la nazi, ukifuka polepole bila kuwaka.

Mwantumu akateremka ukingoni, mtoto mgongoni, mtungi umejaa kichwani.

"Huo unakwenda wapi?" Biasha akauliza.

"Maji ya njiani, mama."

Nassibu, aliyekuwa ameshika pondo la kusukumia mtumbwi, akacheka. "Shemeji, tunasafiri juu ya maji na wewe unabeba maji? Basi na tope tulipakie."

Hata Biasha alitabasamu. Watu wa bondeni hawakuwa na desturi ya kusafiri na maji. Ukiwa na kiu unainama ubavuni mwa mtumbwi, unachota kwa kiganja. Mtungi kazi yake ilikuwa kupanda kutoka mtoni kwenda jikoni, basi. Biasha akautua mchangani, na mahali pake akaweka kinu na mtwangio, kwa sababu mpunga usiotwangwa haupikiki.

Waliteremka wakibana ukingo wenye matete, mpaka mto ukagawanyika mikono mingi na matete yakaisha, ikaanza mikoko. Kwenye mkono mmoja mwembamba wakapata kichuguu cha mchanga kisichofikiwa na maji yanapojaa. Nassibu akauficha mtumbwi kwa matawi. Biasha akainama, akaonja.

"Yana ladha ya majivu kidogo," alisema, "lakini yananyweka."

Kinu ndicho kilichowaangusha kwanza. Biasha alitwanga pigo moja tu, na ndege wote wa mikokoni wakaruka kwa kelele. Nassibu akaudaka mtwangio hewani.

"Mama, sauti hiyo inasikika mpaka Kibiti."

Ikabidi mpunga wausugue kwa viganja juu ya jamvi, kidogokidogo, mpaka ngozi ikachubuka, na wali ukatoka nusu mchele nusu makapi. Walipika kwa moto mdogo, mchana, jua likiwa kali, ili moshi usionekane. Walikula, Mwantumu akanyonyesha. Biasha akaanza kusema kwamba huenda wangerudi kuwahi kupanda.

Hawakujua kwamba walikuwa wamefika wakati wa maji mafu, pale bahari inapokuwa mpole. Mwezi ulipokua likaja bamvua, na bahari ikaupanda mto. Asubuhi moja Mwantumu alichota, akanywa, akatema.

"Subirini yapwe," Biasha alisema. "Yakipwa, ya mto yatashuka."

Yakapwa. Yaliyoshuka yalikuwa ya chumvi vilevile, maana mto wa kiangazi haukuwa na nguvu ya kuisukuma bahari. Walipika wali kwa maji hayo ukawa mchungu. Kambale waliwazidishia kiu, wakawaacha. Mwantumu akajaribu kulamba umande kwenye majani ya mchu, aina ya mkoko, na majani yenyewe yakawa na chumvi. Biasha alichimba mchanga kwa mtwangio. Kilichojaa shimoni kilikuwa bahari ileile.

Nassibu akachukua chungu, chombo pekee walichokuwa nacho cha kutekea.

"Napanda na mtumbwi mpaka nitakapoona matete," alisema. "Penye matete pana maji matamu. Nikichelewa, msitoke."

"Na askari?" Mwantumu akauliza.

"Askari hawajui kupiga pondo, shemeji. Mimi hata usingizini napiga."

Aliondoka akitabasamu kwa midomo iliyopasuka. Baadaye walisikia mlio wa bunduki, mbali sana, upande ule wa juu. Ulilia mara moja tu. Maji yakajaa, yakapwa, yakajaa tena, na Nassibu hakuonekana.

Maziwa ya Mwantumu yakakauka. Biasha alimkanda matiti, akamtafunisha mchele mbichi apate walau mate. Maziwa hayakuja. Mtoto alilia mpaka sauti ikakwaruza, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kulitisha kuliko kilio.

"Mama, halii."

"Amelala."

"Hajalala. Ananitazama tu."

Biasha akamgusa mtoto utosini. Palikuwa pamedidimia kama kijishimo cha kidole kwenye udongo laini. Akaondoa mkono upesi, ili mkwewe asijue alichokuwa anapima.

Hapo ndipo waliposikia kafi. Kati ya mizizi ukapita mtumbwi mdogo, wenye kuni za mkoko, na mwanamke mtu mzima peke yake, amejifunga kaniki. Miguuni pake kulikuwa na kibuyu. Biasha alikiona kabla ya kuona uso. Mwantumu akamshika nguo amvute chini, kwani walijua watu wa pwani walikuwa wameonywa na Wadachi: atakayemficha mtu wa bara atanyongwa naye. Biasha akajichomoa, akasimama wazi.

"Hodi, mwenzangu," alisema, na sauti ikatoka kama ya kuni inayochanika.

Mwanamke akazuia kafi. Akawatazama, akatazama nyuma, halafu akakiona kinu.

"Mmekuja kutwanga mikoko?"

"Tumekuja kufa, naona. Nipe maji ya huyu mama mtoto. Mimi usinipe."

"Mtungi wenu uko wapi?"

"Niliuacha nyumbani. Nilisema tunakwenda mtoni."

Mwanamke hakucheka. Akasogeza mtumbwi, akampa Mwantumu kibuyu, akakishika mwenyewe kwa chini. "Taratibu. Ukigugumia utayatapika. Mimi naitwa Waride, wa Kiongoroni. Usimpe mtoto, kunywa wewe, yeye atayapata kwako." Kisha akamgeukia Biasha. "Mtumbwi wangu unauona. Kuni nikizitupa, anaingia huyu na mwanawe. Nitasema ni binti yangu, kaachwa na mume, kanirudia. Wewe nitakusema nani? Binti mwenye mama wawili?"

"Watu wa huko mna maneno makali," Biasha alisema.

"Tunayo. Maji pia tunayo."

Mwantumu akaanza kutikisa kichwa. "Siendi bila mama."

"Utakwenda," Biasha alisema. "Nassibu akirudi akikuta hapa patupu atatutafuta mpaka akamatwe. Nakaa nimngoje."

"Mama, ule mlio tuliusikia wote."

"Niliusikia. Ingia mtumbwini."

Zile kuni zikatupwa topeni. Biasha akambeba mtoto, akamweka mwenyewe mapajani mwa mama yake, akamfunika kwa upande wa kanga. Waride akamkabidhi Biasha kibuyu, kimebaki na maji ya chini. "Nitapita hapa maji yakipwa, nikipata mwanya. Nisipopita, ujue nimezuiwa, si kwamba nimekusahau."

Biasha akanywa funda moja mbele ya macho ya mkwewe, ili amwone akinywa.

Mtumbwi ukaingia kwenye kona ya mikoko, ukapotea. Biasha alisimama akisikiliza kafi mpaka nayo ikapotea. Kisha, kutoka ng'ambo ya mizizi, ikaja sauti nyembamba yenye kukwaruza, ya mtoto anayenyimwa alichokwisha kuonja. Ililia, ikakatika ghafla, kama mdomo umeshika titi.

Akakiziba kibuyu kwa jani, akakiweka kivulini. Alijikokota mpaka upande wa juu wa kichuguu, ambako Nassibu angetokea, akakaa huko akitazama maji.