Chuma cha Mkingamo

Gereji nzima ilimwita Shangazi, hata mafundi waliomzidi umri, ingawa mwenye haki ya kumwita hivyo alikuwa mmoja tu: Chiriku, binti wa marehemu mdogo wake. Na sasa mtoto huyo alikuwa anachukuliwa. Mama yake alikuwa amepata kazi ya kushona sare kwenye kiwanda cha ng'ambo ya milima, na alikusudia kwenda huko na mtoto, na cherehani, na gari la marehemu. Shangazi alipoletewa habari hiyo hakulia wala hakugomba. Alilibamiza boneti la gari alilokuwa akilitengeneza, kisha akasema gari la mdogo wake haliwezi kwenda popote.

Kwa hilo hakuwa amedanganya. Lilikuwa gari la mbio la zamani, la milango miwili, zuri kwa macho na legelege kwa mwili. Kila lilipoingia kwenye kona kali bodi ilijipinda, na mlango wa abiria, pale pale anapokaa Chiriku, ulijifungua wenyewe. Marehemu alikuwa akiufunga kwa kamba huku akicheka. Kabla ugonjwa haujamlaza alinunua dawa yake, chuma cha mkingamo: bomba nene linalopita juu ya injini na kuviunganisha vile vikombe viwili vya bati vinavyoshika vichwa vya shokapu za mbele, ili upande mmoja usiyumbe peke yake. Alikufa chuma kikiwa bado ndani ya boksi.

Mabasi yalikuwa yameacha kupita njia ile ya milimani tangu daraja lichakae, lisiweze tena kubeba uzito wao. Kwa hiyo ilikuwa ni gari hilo au hakuna safari, na hakuna safari maana yake hakuna kazi.

"Nifungie hicho chuma, wifi," mjane alisema. "Ukishafunga tu, tunaondoka."

Shangazi akasema sawa, kisha akaanza danadana. Mara breki zinavuja. Mara nati zilizokuja na chuma si saizi yake, zimeagizwa duka la vipuri, zitakuja. Mara usukani una mchezo. Breki zilikuwa nzima, usukani ulikuwa mzima, na nati alizifunga kwenye kitambaa akazitia mfukoni mwa ovaroli yake. Kila mchana Chiriku alitoka shule akaja moja kwa moja gereji, akakwea kiti cha abiria na kuanza kuongea bila kumeza mate: mwalimu kasema hivi, fulani kaanguka, fulani kanidanganya. Mlango ule ulikuwa haufungiki sawasawa, kwa hiyo kila neno lilipenya. Shangazi alilala chali chini ya gari asilolitengeneza, spana mkononi, akisikiliza. Hakuona kosa lolote. Huyo mwanamke alikwisha kumnyang'anya mengi. Mdogo wake aliumwa miezi mizima na yeye dada mtu hakuambiwa, akaja kuambiwa wakati hakuna tena la kufanya ila kulia. Hilo alilimeza, lakini halikushuka, na kila alipomwona wifi yake lilimkaba upya.

Siku moja wifi yake aliingia gereji na kanga yake ya kufungia mizigo begani, akasimama katikati ya sakafu yenye madoa ya mafuta.

"Nimetoka duka la vipuri," alisema. "Hawajaagizwa nati yoyote. Wamenishangaa."

Mafundi waliacha kugonga. Mmoja aliyekuwa akinywa chai alikisahau kikombe mdomoni.

"Watu wa dukani wanasahau," alisema Shangazi.

"Na breki je, nazo zimesahau kuvuja? Mimi ni fundi cherehani, wifi, si mjinga. Nalifahamu vazi linalocheleweshwa na mshonaji. Sema tu hutaki twende."

"Sitaki mtoto wa ndugu yangu aende kutupwa huko."

"Kutupwa! Mimi mama yake ndiye jalala?"

"Umelisema mwenyewe."

Fundi mmoja alikohoa. Mjane alikunja kanga yake taratibu, kona kwa kona, jambo alilofanya akikasirika sana.

"Kesho nalipeleka kwa fundi mwingine."

"Peleka. Atakufungia jicho moja likiwa kwenye simu."

"Afadhali huyo. Wewe fundi gani? Gari la ndugu yako mwenyewe limekushinda."

Hapo alimgusa pabaya. Shangazi angeweza kuitwa mchawi akacheka, lakini kuambiwa gari limemshinda, tena mbele ya mafundi wake! Alitia mkono mfukoni, akatoa kile kitambaa, akakitupa juu ya meza, nati zikalia.

"Lete hicho chuma," alisema.

Alilishusha gari kutoka kwenye jeki, kwa sababu chuma cha mkingamo hufungwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, mahali tambarare. Ukikifunga bodi ikiwa inaning'inia, unakuwa umeufunga na ule upinde wake, usitoke tena. Na hukazwa na watu wawili, mmoja kila upande, kidogo huku na kidogo kule, wakienda sambamba. Shangazi alimwita fundi wa chai. Wifi yake alimkata kauli.

"Upande mmoja nakaza mwenyewe. Sikuamini."

"Spana hiyo si mkasi, wifi."

"Nipe."

Basi wakainamia boneti moja, huyu kulia na yule kushoto, vichwa karibu kugusana, watu ambao hata msibani walikaa kwenye mikeka miwili. Shangazi alisema "robo," wakakaza robo. "Robo tena." Upande wake nati ilishika, ikawa ngumu, ikalia kidogo kama inavyotakiwa. Upande wa wifi yake spana ilizunguka, ikazunguka, haikuwa ngumu. Shangazi alinyanyua macho akaona rangi pembeni ya kikombe cha shokapu imefanya ufa mwembamba.

"Acha hapo."

"Nilijua tu utasema hivyo." Na spana ikazunguka tena.

"Wifi, acha! Bati linazama!"

"Breki zilivuja zikapona zenyewe. Nati zilipotea zikapatikana mfukoni. Leo bati linazama." Hakunyanyua hata uso. "Kesho litakuwa nini?"

Maneno yote ya kumzuia mtu Shangazi alikwisha kuyatumia, na aliyatumia bure. Alijua vizuri bati linalozama chini ya nati ni bati la namna gani. Akilini aliliona gari kwenye kona ya mlimani, kikombe kikichanika, gurudumu likilala, na Chiriku akiwa amekaa upande huo huo. Akachukua bisibisi na nyundo. Gari lile alikuwa akilifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa laini, hakuna aliyeruhusiwa hata kuliegemea. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya kikombe, akapiga pigo moja.

Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini.

Alipoichomoa yalitoka mabonge: rangi nyekundu, chini yake puti nyeupe ya kuzibia bati, nene kama ukoko, chini ya puti kutu tupu. Kupitia tundu hilo lilionekana gurudumu.

Wifi yake aliokota bonge moja, akaligeuza kiganjani. Shangazi alingojea matusi, kwamba ameharibu gari kwa makusudi. Hayakuja.

"Puti hii niliikoroga mimi," mjane alisema polepole. "Kwenye bakuli langu la unga. Aliniambia ni mikwaruzo tu, tuipake tuifunike. Alikuwa na haraka. Alisema, tumalize kabla dada hajaja, akiiona atanimaliza."

"Angeniambia ningemchomelea siku ile ile!"

"Ungemchomelea, kisha ungemsimanga mwaka mzima. Mbele ya hawa hawa." Alionyesha mafundi kwa kidevu, na mafundi wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi. "Alikuogopa, wifi. Alikuogopa wewe kuliko alivyoziogopa hizo kona. Hata ugonjwa, unadhani ni mimi niliyekuficha? Mimi nilikuwa nakuja kukuita, nimeshavaa na viatu. Yeye ndiye aliyesema dada asiambiwe, atakuja kunigombeza kitandani."

"Mwongo wewe," alisema Shangazi, lakini sauti ilitoka nyembamba, haikufika hata upande wa pili wa injini.

Ilimuuma. Ilimuuma hasa kwa sababu aliisikia sauti ya mdogo wake ndani ya maneno yale, ile sauti yake ya kucheka huku akitafuta pa kutokea. Na ilimuuma kwamba amelisikia jambo hilo kutoka kwa mtu huyu, tena si mwingine. Alitamani kumrushia spana. Alijikuta anaipangusa.

Mchana ulikuwa umefika. Chiriku aliingia na mkoba wake, akapita katikati ya watu wazima wawili bila kuwatazama nyuso, akakwea kiti chake. Mlango ulibaki nusu wazi kama kawaida.

"Mbona gari lina tundu?" aliuliza. Hakungoja jibu, akaanza habari za shule.

Mjane alimtazama Shangazi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba hapakuwa na ukali katika macho yale. Yalikuwa yamechoka tu.

"Linatengenezeka?" aliuliza. "Au ndiyo basi?"

Shangazi aliiona nafasi yake. Neno moja tu, basi, na kazi ya kiwanda imekwenda, na Chiriku anabaki. Wala isingekuwa danadana tena. Fundi yeyote mwenye akili zake angelitazama tundu lile akasema gari limekwisha, mkauze chuma chakavu, na hakuna ambaye angemlaumu. Hata wifi yake angeamini. Baada ya uongo wote ule, huu ndio ungeaminiwa.

"Shangazi, hunisikilizi," alisema Chiriku kutoka kwenye kiti.

"Nakusikiliza," alisema Shangazi. Kisha akamgeukia mama mtu kwa sauti ile ile ya kufukuza. "Linatengenezeka. Sogea, unanizibia mwanga."

Alikata bati bovu lote mpaka akafikia chuma kinachong'aa, na lilikuwa kubwa kuliko alivyofikiri. Alikata bati jipya, akalikunja kwa nyundo juu ya reli ya chuma, akalijaribu, akalitoa, akalikunja tena. Wifi yake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kifuani, akitazama kila kitu. Hakusema asante, na Shangazi angeambiwa asante angetukana. Ilipofika kazi ya kuchomelea alimtupia miwani ya giza.

"Ukitaka kuchunguza, chunguza bila kupofuka."

"Na wewe ukichomelea, chomelea bila kusemasema."

Bati lilipopoa wakainama tena, huyu kulia na yule kushoto. Robo. Robo tena. Safari hii nati zilishika pande zote mbili, na mjane alipokaza ya mwisho mishipa ya mkono wake ilisimama. Shangazi alipitisha spana yake upande ule kuhakikisha. Hakukuwa na la kuongeza, na hilo nalo lilimkera.

Ilibaki kulijaribu. Aliweka jeki chini ya kona moja ya mbele, akapiga mpaka gurudumu likaachana na sakafu. Zamani, likiinuliwa hivyo, bodi ilijipinda na mlango wa abiria ukagoma kabisa kuingia mahali pake. Chiriku alikuwa ndani, bado anaongea, sasa ni habari ya rafiki yake aliyemwazima kalamu.

"Funga mlango," Shangazi alimwambia.

Mtoto aliuvuta kwa mikono miwili kama alivyozoea, kwa nguvu nyingi zisizohitajika tena. Uliingia mahali pake mara moja, kwa mlio mdogo, mkavu.

Na gereji ikawa kimya. Shangazi alidhani mtoto amenyamaza, kisha akatazama. Nyuma ya kioo Chiriku alikuwa anaongea vile vile, macho yamemtoka kwa furaha, akigonga mlango kwa kiganja kuonyesha jinsi ulivyoshika. Alisema kitu, akangoja, akakisema tena akimtazama yeye. Hakuna neno lililopenya.

Shangazi aliitikia kwa kichwa, asijue ameitikia nini.