Kiraka cha Kiwikoni

Shangazi alikuwa akipiga pasi mashati ya watu, na Fagio amekaa dirishani na kompyuta yake, mgeni alipobisha hodi. Alikuwa mzee aliyevaa koti la viraka vitupu. Kitambaa chake cha asili hakikubaki hata cha kufutia miwani.

"Karibu, mzee," alisema Shangazi. "Unamtafuta nani?"

"Huyu binti. Mimi ndiye kile kiendeshi anachokifuta."

"Basi vua viatu. Nimedeki sasa hivi."

Fagio hakubisha. Ni kweli alikuwa akikifuta. Yeye na wenzake wa mbali, ambao hakuwahi kuwaona kwa macho, walitunza mfumo wa kompyuta usio na mwenyewe: yeyote aliruhusiwa kuuchukua, kuufungua na kuurekebisha. Ndani yake mlikuwa na kiendeshi cha printa, programu ndogo inayoziwezesha kompyuta na printa kuelewana. Kila mwenye printa ya ajabu alikuwa ameongeza kiraka chake, mistari michache ya kurekebisha, akaenda zake. Kilifanya kazi, lakini hakuna aliyejua kwa nini. Mahali pamoja mtu alikuwa ameandika tu: "Usiguse hapa, tafadhali." Fagio, aliyepewa jina hilo kwa kupenda usafi, alijitolea kuandika kipya. Kikikubaliwa angeingizwa kwenye watunzaji wa mfumo, na huenda waajiri wangeacha kumpiga danadana.

Mgeni hakutulia kitini. Kila mara mtu yeyote, popote alipokuwa, alipowasha printa, mzee aliinuka, akapita ukutani, akarudi akihema.

"Safari hii nani?" Fagio aliuliza.

"Mwalimu asiyeona. Ana mashine ya kuchapa nukta, wanafunzi wake wasome kwa vidole. Ya zamani. Haijui kusema kwamba imemaliza, kwa hiyo lazima nisimame pale niisubiri. Ukiiharakisha, inakata ukurasa katikati." Alionyesha kiraka cha kiwikoni, cha shuka lenye maua ya buluu. "Vingine vyote tupa, binti yangu. Hiki usikitupe."

"Sikitupi, mzee. Nakuahidi."

Akashika kazi. Kila alipoandika upya sehemu moja, kiraka kimoja kilidondoka sakafuni, bado kina joto. Shangazi aliviokota akawa anavitumia kuepulia sufuria. Chini ya koti hapakuwa na mtu; palipotoka kiraka ulionekana ukuta. Mwishowe kikabaki kile cha kiwikoni peke yake, kikizunguka chumbani kwa kimo cha mzee, hakikai, hakilali.

"Mwambie atulie," alisema Shangazi. "Nasikia kizunguzungu."

Fagio alituma kazi yake. Mkuu wa kundi akajibu mchana uleule.

"Safi mno. Ila toa ile sehemu ya kusubiri. Mashine zile hazitengenezwi tena."

"Zinatumika."

"Na nani?"

"Na mwalimu mmoja ninayemjua."

"Mmoja! Jamani, leo Fagio limegoma kufagia." Wenzake wakacheka kwa maandishi. "Itoe, jioni hii hii nakuingiza kwenye watunzaji."

Fagio alikitaka kile cheo mpaka vidole vikamwasha. Kiraka kilienda mlangoni, kikarudi, kikaenda tena. Akaandika: "Haitoki."

Mwenzake mmoja alichukua kazi yake, kama taratibu za kundi zilivyoruhusu, akaiondoa sehemu ile, akaituma kwa jina lake mwenyewe. Akaingizwa yeye. Toleo jipya likatoka, jepesi, likasifiwa kila kona. Mashine za nukta zikaanza kukata kurasa katikati, na waliolalamika walilalamikia mahali ambapo wakubwa hawasomi.

Fagio alimtengenezea mwalimu nakala yake peke yake, yenye ile sehemu ya kusubiri. Lakini kiraka hakikuwa tena na koti la kukishika.

"Lete shati," alisema Shangazi, akitunga uzi. "Siyo hilo, mwanangu. Hilo ndilo lako la usaili."

"Sina jingine zima, Shangazi. Shona tu."

Tangu hapo, kila mwalimu alipowasha mashine, Fagio ndiye aliyeinuka: katikati ya kula, katikati ya maongezi. Akatoka, akasubiri, akarudi akihema.

Siku ya usaili wakamkalisha mbele ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa akitabasamu. "Tumezipenda sana kazi zako. Limebaki swali moja tu, halafu—"

Kiraka cha kiwikoni kikamvuta. Nje ya mlango alikuwa amekaa mwombaji mwingine wa kazi, na Fagio alijua nafasi ile haitamngoja.

"Samahanini," alisema, akapita ukutani.

Wasaili wakaandika kitu, wakamwita anayefuata.

Chumbani kwa mwalimu palinuka karatasi mpya. Mashine ilikuwa ikigonga mtihani wa hesabu. Mwalimu aligeuza sikio.

"Leo hatua ni nyepesi. Yule mzee yuko wapi?"

"Ameniachia mimi, mwalimu."

"Haya, karibu." Mashine ikanyamaza. Mwalimu akanyoosha mkono kuchukua karatasi. "Imemaliza?"

Fagio aliweka kiganja juu ya bati la mashine. Ndani kitu kilikuwa bado kinatetemeka.

"Bado, mwalimu. Tuisubiri."